Kabla hujabana umeme kwenye chipu ya siri, hakikisha kelele yako ni kelele kweli

Wengi tukiingia kwenye kudizaini chipu za mawasiliano ya siri tunaanza na hesabu za usimbaji, mimi pia nilianza huko, lakini ukiniuliza leo ntakwambia anza na saketi ya namba nasibu, yaani namba zisizotabirika, maana funguo zote zinazaliwa hapo, na hapo ndipo kubana umeme kunapouma zaidi.

Wazo lenyewe ni rahisi, unachukua kelele ya joto ya rizista, yaani volti ndogo inayochezacheza yenyewe kwa sababu ya joto, unaikuza, unaipeleka kwenye komparata, saketi inayolinganisha volti mbili, inatoa 0 au 1. Sasa piga hesabu uone. Rizista ya megaohm 1 kwenye joto la chumba, ukipima kwa upana wa kilohezi 100, inakupa mikrovolti kama 40 tu. Transista mbili ndogo zilizochorwa sawasawa, tuseme mikromita mraba 1 kila moja, zinaweza kupishana vizingiti, yaani volti ambapo transista inaanza kuwaka, kwa milivolti 5. Yaani ofseti, huko kupishana kwenyewe, ni zaidi ya mara 100 ya kile unachokitafuta! Komparata inalalia upande mmoja inatema 1 1 1 1 bila kuchoka. Ukitaka kupunguza ofseti kwa nusu lazima eneo la transista liwe mara 4, kwa hiyo eneo peke yake halitakuokoa, weka kapasita katikati au mzunguko wa kujirekebisha polepole.

Kuhusu transista kufanya kazi chini ya kizingiti, wote tunapakimbilia kwa sababu karenti kidogo inakupa ukuzaji mwingi, na pea ya kupokelea signali iweke huko bila wasiwasi. Ila saketi za kunakili karenti usiziweke huko, huko karenti inapanda kwa eksponensheli, ile milivolti 5 inageuka kosa la asilimia 14 hivi. Hizo zipe transista ndefu zifanye kazi juu ya kizingiti.

Sasa kosa langu lenyewe. Biti zilikuwa zimeelemea 1 kidogo nikatumia ile mbinu ya von Neumann, unazisoma mbili mbili, 00 na 11 unatupa, 01 inakuwa 0 na 10 inakuwa 1, idadi ikasawazika nikafurahi sana. Kumbe mbinu ile inadai kila biti isitegemee mwenzake, na zangu zilikuwa zinafuata kloku ya upande wa dijitali, ile signali ya mapigo inayoongoza saketi za 0 na 1, imepenya kupitia saplai, njia ya umeme wa chipu, na silikoni yenyewe! Nilikuwa nakuza kloku nikidhani ni kelele ya joto, na simulesheni haikunionyesha kitu kwa sababu saplai niliyoiweka kwenye simulesheni ilikuwa safi kabisa.

Na hili si la kinadharia. Mwaka 1999 Kocher, Jaffe na Jun walionyesha unaweza kuchimba ufunguo kwa kuangalia tu chipu inavyokula umeme, na 2009 Markettos na Moore wakaenda upande wa pili, wakaingiza mawimbi kwenye saplai na jenereta ya namba nasibu ikapoteza unasibu wake. Saplai ni mlango, unatoa siri na unaingiza sumu.

Kwa hiyo fanya saketi ya kelele iwe ya pande mbili zinazopingana ili kinachoingia kwenye zote kifutike, ipe regyuleta yake, saketi ya kutuliza volti, hata kama itakula mikroampia chache, hizo usizionee uchungu, bana kwingine. Halafu pima biti mbichi kabla hazijasafishwa kwa mbinu yoyote, badilisha kasi ya kloku ya dijitali uone kama kwenye biti kuna mpangilio unaojirudia unaohama nayo, kisha zima dijitali yote upime tena. Mimi siku hizi naweka pini ya kutolea biti mbichi kwenye kila chipu ya majaribio, na kwenye chipu inayoenda kwa watumiaji naifunga kabisa isifunguke tena baada ya kupima.