Mume ananivurugia kazi kwa vipigo: nikimweleza mwajiri, nimetoa siri ya ndoa?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nimeajiriwa, na mume wangu aliridhia kazi yangu tangu tulipofunga ndoa. Sasa ananipiga, mara nyingi usiku wa kuamkia siku yenye kazi nzito. Ananifichia funguo na kitambulisho, anapiga simu kazini mara kwa mara, na mshahara ukiingia anauchukua. Nimeshapewa barua ya onyo kwa kuchelewa. Nikisema nimweleze msimamizi wangu, ananiambia nitakuwa nimetoa siri za ndoa. Pia anasema nikikataa kuacha kazi mimi ni nashiza, yaani mke mwasi kwa mumewe, na kunipiga ni halali. Hukumu ya haya ni ipi, na nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Dada yetu, swali lako lina mambo manne: siri, kipigo, mshahara na ruhusa ya kutoka. Tunaanza na siri kwa kuwa ndiyo iliyokufunga mdomo.

Siri iliyoharamishwa kutolewa ni ya faragha ya kitandani. Hadithi aliyoipokea Muslim inamtaja kuwa miongoni mwa watu waovu zaidi mtu anayekutana na mkewe kisha akaisambaza siri yake. Kofi na funguo zilizofichwa havimo humo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu anasema hapendi maneno mabaya yatajwe hadharani, ila kwa aliyedhulumiwa. Imamu Nawawi, alipotaja sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu asipokuwepo, mbili za mwanzo ni hizi hizi zako: kushtaki dhuluma, na kutaka msaada wa kuondoa uovu. Wanawake wengi walizizunguka nyumba za Mtume (s.a.w.) wakilalamikia vipigo vya waume zao. Hakuwaambia wametoa siri. Aliwasema waume, kwamba hao si wabora wenu. Ameipokea Abu Daud. Na Fatima bint Qays alipokuja kushauriana naye juu ya wachumba wake, Mtume alimwambia wazi kuwa Abu Jahm haiweki fimbo yake chini kutoka begani, yaani ni mpigaji wa wanawake.

Mipaka ipo, nayo ni miwili: mwambie mwenye uwezo wa kusaidia, na sema kadiri ya haja. Msimamizi hahitaji historia ya ndoa yako. Inatosha kumwambia: “Nyumbani kuna mtu ananidhuru na kunizuia kufika kazini, na naomba mambo haya.” Kuyatandaza katika kundi la WhatsApp la ukoo ni jambo jingine, na mara nyingi humfikia yeye kabla hujajipanga.

Ama kipigo, anayeitegemea aya ya 34 ya Suratun Nisaa, inayotaja kumpiga mke mwenye nushuzi (uasi kwa mumewe), ameichukua nusu. Hata mafakihi waliosema inaruhusu waliifunga kwa masharti: iwe kwa nushuzi uliothibiti, baada ya mawaidha na kuhamana kitanda, isiumize, isiache alama, isiguse uso. Imamu Shafii alisema kuacha ndiyo bora, na Ataa bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka katika zama za matabiina (kizazi kilichofuata Masahaba), alisema mume hampigi bali humkasirikia. Kipigo cha usiku wa kuamkia kazi hakina hata sharti moja kati ya hayo. Kinalenga uso kwa sababu mwenye jicho lililovimba atajifungia ndani, na kinaanza usiku kwa sababu asiyelala atachelewa au atakosea. Wanaoshughulika na kesi hizi wanaujua mpangilio huo vizuri: kabla ya kazi ni kufichwa sare, funguo na kitambulisho, simu kuvunjwa, au mume kukataa kubaki na watoto dakika ya mwisho, wakati wa kazi ni simu zisizokatika, kuvizia getini, na kumpelekea bosi maneno ya uongo. Mwisho wake mke anafukuzwa au anaacha mwenyewe kwa aibu, na anayeangaliwa kama mzembe ni yeye. Kisha kazi inayofuata inakuwa ngumu kuipata, kwa kuwa cheti chake cha utumishi kina mapengo na hakuna wa kumdhamini. Mume kwa upande wake amepata alichokitaka: mke asiye na nauli ya kuondokea.

Kwa hiyo kuharibu kazi ya mke ni dhuluma kamili, hata siku ambayo mkono haukuinuliwa. Alichokivunja, iwe simu au sare, yu dhamini wake na atalipa. Mshahara ni wako. Aya ya 32 ya sura hiyo hiyo inasema wanawake wana fungu katika walichokichuma, na aya ya 4 inamhalalishia mume kile tu ambacho mke amemtunukia kwa ridhaa ya nafsi yake. Kadi ya benki iliyochukuliwa kwa vitisho haina ridhaa. Mkopo aliochukua kwa jina lako na kuutumia yeye ni deni lake mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini tahadhari, mkopeshaji atakudai wewe uliyesaini, hivyo uwekee maandishi mapema.

Kuhusu ruhusa ya kutoka, hatutakuficha kuwa mafakihi wameipa uzito, na katika madhehebu ya Shafii mke anayetoka bila ruhusa bila sababu anaweza kupoteza nafaka, yaani matunzo ya mume. Lakini madhehebu hayo hayo yametaja sababu zinazomtoa katika unashiza: kuhofia nafsi yake, kwenda kwa kadhi kudai haki yake, na kutoka kutafuta riziki pale mume aliposhindwa kumlisha. Kama kazi iliwekwa sharti wakati wa akdi, kuna hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba masharti yenye haki zaidi ya kutimizwa ni yale mliyohalalishiana kwayo ndoa. Wanachuoni wa Hanbali ndio waliolishika zaidi hilo, hata wakampa mke haki ya kuvunja ndoa sharti likivunjwa. Litafute hilo karatasi, au mashahidi waliosikia. Ridhaa ya mdomo isiyo na shahidi ni ngumu kuithibitisha.

Sasa hatua za kuchukua. Usizifuate kwa pupa, na usimtangazie.

Andika kila tukio siku ile ile: tarehe, saa, alichofanya, nani aliona au alisikia, na athari yake kazini, kwa mfano “nimefika saa 3 badala ya saa 2”. Daftari hilo lisikae nyumbani wala katika simu anayoishika. Liweke kwa ndugu unayemwamini, au katika droo ya kazini yenye kufuli. Picha za majeraha zipigwe mara mbili, siku ya tukio na siku moja au mbili baadaye, kwa kuwa michubuko mingi huonekana zaidi ikikomaa.

Nenda kwa daktari hata kama unaona umepona, na umwambie sababu halisi. Ukisema umeanguka, cheti kitaandika umeanguka, na kadhi atakisoma hivyo hivyo. Mambo mawili hayasubiri kabisa. La kwanza ni kukabwa koo: linaweza kuleta madhara ya ndani bila alama yoyote nje, na ni miongoni mwa dalili kubwa kwamba mtu huyo anaweza kuua. La pili ni pigo la kichwa likifuatiwa na kusahau, kichwa kuuma au kushindwa kutazama mwanga. Makosa ya kazini unayolaumiwa nayo huenda yanatoka hapo.

Barua ya onyo ijibu kwa maandishi. Usikanushe kuchelewa kama ulichelewa. Eleza sababu kwa ufupi, ambatisha cheti cha daktari, na uombe jibu lako liwekwe katika faili lako. Kisha omba vitu vinavyotekelezeka: zamu ibadilishwe na ratiba yako isitajwe kwa mpigaji simu yeyote, namba yako ya ofisini ibadilishwe, mlinzi wa getini apewe picha yake, mtu akusindikize hadi kwenye usafiri, na jina lake liondolewe kwenye fomu ya mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura. Hili la mwisho husahauliwa sana: mwanamke anazimia kazini, na ofisi inampigia aliyempiga. Mshahara uhamishiwe akaunti mpya ambayo ujumbe wake hauji kwenye simu anayoipekua, lakini jiulize kwanza siku asipouona atafanya nini. Kama jibu linatisha, uhamisho huo uende sambamba na kuondoka kwako, usitangulie.

Si hisani ya ajabu unayoiomba. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 mwaka 2019, ukaanza kutumika mwaka 2021, nao unazitaka nchi zilizouridhia zitambue athari za ukatili wa nyumbani kazini. Pendekezo namba 206 linaloandamana nao linataja likizo kwa mwathirika, ratiba inayoweza kubadilishwa na kinga ya muda dhidi ya kufukuzwa. Ufilipino imeweka likizo ya siku 10 zenye malipo tangu 2004, New Zealand tangu 2019. Uliza sheria ya nchi yako inasemaje kabla ya kukubali kuandika barua ya kuacha kazi. Ukiacha mwenyewe, haki nyingi za aliyefukuzwa huzipati.

Utaambiwa usubiri na kupatanishwa. Subira ni kutomkufuru Mwenyezi Mungu kwa mtihani, haina maana ya kumkabidhi mtu uso wako. Waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa mke, wanaotajwa katika aya ya 35 ya Suratun Nisaa ni kwa mgogoro wa watu wawili wanaoweza kukaa chumba kimoja bila mmoja kuogopa njia ya kurudi nyumbani. Penye hofu ya kudhuriwa, ondoka kwanza, na upatanisho ukitakiwa ufanyike ukiwa mahali salama na kupitia walii wako au kadhi. Wakati wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa, na kazini ndiko anakojua pa kukupata. Siku hizo za mwanzo badilisha njia na muda wa kufika, na msimamizi ajue umeondoka.

Ukitaka kuachana, usikimbilie khului, yaani kujikomboa katika ndoa kwa kumrudishia mali yako. Aya ya 19 ya Suratun Nisaa imekataza kuwabana wanawake ili kuwapokonya, na kwa Imamu Malik ikithibiti kwamba mume ndiye aliyemdhuru mkewe mpaka akajikomboa, talaka inapita na mali inarudishwa. Mfungulie shauri la madhara, na hapo daftari na vyeti vya daktari ndivyo vitakavyosema.

Na eda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, haikulazimishi kupoteza kazi. Mama yake mdogo sahaba Jabir alipewa talaka, akataka kutoka kwenda kuvuna tende zake. Mtu mmoja akamkemea. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akamwambia atoke akavune, huenda akatoa sadaka au akafanya jema. Hadithi ni ya Muslim. Utatoka mchana kwa kazi yako na usiku utarudi unapokaa eda. Na kama nyumba ile si salama kwako, hofu ni udhuru wa kuikaa kwingine.

Wallahu a’lam.