Usilitume dodoso hilo Jumatatu

Mkuu, usilitume. Umeandika kwamba unafanya utafiti wa shahada ya uzamili katika saikolojia, na kwamba unataka kuwalinganisha watu wanaofanyia kazi nyumbani kwa intaneti na wale wanaokwenda ofisini, uone wanavyoyachukulia mabadiliko ya tabianchi na wanavyoamua mambo ya kila siku kama usafiri, umeme na mkaa. Umeshakitafsiri kipimo cha Kimarekani kwa Kiswahili, rafiki yako amekirudisha kwenye Kiingereza na, kwa neno lako mwenyewe, "kimelingana". Sasa unauliza watu wangapi wanatosha, uchambue kwa programu ya takwimu ya SPSS au ya R, kama kusambaza kiungo kwenye makundi ya WhatsApp kunakubalika, na uwaweke wapi wale wanaokaa nyumbani siku mbili na ofisini siku tatu. Nilipofika kwenye hilo neno "kimelingana" tumbo lilinivuruga, kwa sababu mimi pia kilinilingana, na kulingana huko kulinila mwaka mzima.

Nilitumia kipimo hichohicho, kile cha mtazamo wa watu kuhusu mazingira ambacho watafiti Dunlap na Van Liere walikitoa mwaka 1978 kikafanyiwa marekebisho mwaka 2000 na kuwa na sentensi 15, nikakiongezea maswali yangu kuhusu tabianchi. Mkufunzi wetu wa mbinu za utafiti alikuwa ametuambia, kwa sauti ya mtu asiyetarajia swali, kwamba Brislin, mtafiti wa mbinu za kutafsiri madodoso, alishatumalizia kazi tangu mwaka 1970: mmoja atafsiri kwenda, mwingine atafsiri kurudi, ulinganishe, usonge mbele. Hakutuambia kwamba huyo anayetafsiri kurudi ni msomi mwenzako, ambaye analijua neno la Kiingereza kabla hujampa la Kiswahili. Mpe "mabadiliko ya tabianchi" naye atakurudishia Kiingereza kilekile kilichoondoka, kwa kuwa hasomi ulichoandika bali anakumbuka warsha alizohudhuria. Zoezi zima linapima kama watu wawili wenye digrii wanaelewana, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka. Bado namdai mkufunzi yule, ingawa yeye hajui kwamba anadaiwa.

Nikakusanya majibu 300 na ushei, mengine kwa kiungo cha simu, mengine kwa wasaidizi wawili waliopita sokoni na karatasi, na wote wawili walitaka posho na nauli, kama ilivyo haki yao. Matokeo yakatoka mazuri mno. Karibu kila mtu alikubali kabisa kwamba mabadiliko ya tabianchi yapo, kwamba yanasababishwa na binadamu na kwamba yanamsumbua. Niliandika aya nzima yenye majivuno kwamba wananchi wetu wanalielewa jambo hili kuliko hao Wamarekani waliokitunga kipimo, na nyumbani walishashona sare za mahafali. Kisha mtahini wa nje akafungua kiambatisho, akalisoma dodoso la Kiswahili ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelisoma, akauliza swali moja tu: hili neno tabianchi, hawa watu walilielewaje? Nilijibu kwa dakika tatu bila kusema kitu. Sare zilivaliwa kwenye harusi ya binamu yangu, na nasikia zilipendeza.

Nilirudi sokoni na nakala ya dodoso, nikaanza na mama mmoja anayeuza vitumbua, ambaye alikuwa amejaza "nakubali kabisa" kuanzia juu mpaka chini. Nikamwamkia, nikanunua vitumbua vinne, nikamwomba aisome kwa sauti ile sentensi ya mabadiliko ya tabianchi kusababishwa na shughuli za binadamu, kisha aniambie kwa maneno yake inasema nini. Akaisoma vizuri, huku akigeuza vitumbua kwa kijiti bila kuvitazama, akanijibu: "Mwanangu, si tabia za nchi hii zimebadilika? Watoto hawaamkii, mabinti hawasikii. Sasa nani mwingine aziharibu tabia kama si binadamu? Mbuzi?" Nikamuuliza suluhisho ni nini. Akasema ni wazazi kurudi kwenye malezi, na swali la kumi na mbili, la serikali kuchukua hatua, alilikubali kwa sababu hiyohiyo.

Alikuwa amejibu kwa makini kuliko nilivyouliza. Na hakuwa peke yake, maana kati ya watu kumi wa kwanza niliokaa nao wanne walikuwa kwenye maadili ya vijana, na mmoja alidhani ni suala la katiba. Wenzetu wa Afrobarometer, wanaohoji watu katika nchi zaidi ya 30 za Afrika, huanza kwa kumuuliza mtu kama amewahi kulisikia jambo lenyewe, na katika awamu ya 2016 hadi 2018 waliosema ndiyo walikuwa takriban 6 kati ya 10. Mimi niliiruka hatua hiyo nikawauliza wote wanakubali kwa kiasi gani, kama mtu anayekuuliza unampendaje shemeji usiyewahi kumwona.

Kuna baya zaidi, na wewe utakutana nalo kwa sababu umekibeba kipimo kizima. Kati ya zile sentensi 15, saba zimegeuzwa, ili anayejali mazingira azikatae. Mbinu hiyo haiishi vizuri na lugha yetu. Muulize Mswahili "Hujala?" naye kama hajala atakujibu "Ndiyo, sijala", kwani anakubaliana na kauli yako. Sasa mpe sentensi yenye "hayatanihusu" na chumba cha "sikubali", uone: mmoja aliweka alama kwenye "sikubali" akimaanisha kwamba hakubali kuwa yatamhusu, na mwingine mwenye wazo lilelile akaiweka kwenye "nakubali". Alfa ya Cronbach, ile namba inayoonyesha kama majibu ya sentensi za kipimo yanakwenda pamoja, ikaniangukia chini kabisa. Mtaalamu wa takwimu niliyemkodi, mtu wa laptopu mbili na maelezo machache, akanishauri nizitoe sentensi saba zilizogeuzwa, na alfa ikapanda ikavuka 0.7 inayotakiwa. Ingeachaje kupanda, wakati zilizobaki zote zilitaka jibu la kukubali, na mgeni aliyekuja na karatasi yake na kukuamkia vizuri humkatalii? Nilikuwa nimepima adabu ya watu wa sokoni, tena kwa uthabiti wa hali ya juu, na nikamlipa mtu anithibitishie.

Utaniambia kwamba watu wako wa ofisini wamesoma. Nilisema hivyohivyo. Mhasibu mmoja, tena mwenye shahada, nilipomwomba anieleze swali langu la "nyayo za kaboni", yaani kiasi cha gesi ya kaboni anachosababisha mtu, katika kazi yake, alinihakikishia kwamba wameshaachana nazo, siku hizi risiti zote zinatoka kwenye mfumo. Alikuwa anazungumzia karatasi ya kaboni ya kunakilia risiti. Na hilo swali lako la kwanza kabisa, "Je, unafanya kazi mtandaoni?", ndilo litakaloukata utafiti wako mguu, kwa sababu ukimtamkia mtu "kazi za mtandaoni" anawaza yale matangazo ya kulipwa kwa kubofya video na upatu wa kwenye simu, kwa hiyo mtu mwenye ajira ya heshima anayefanyia kazi sebuleni kwake atajibu hapana bila kusita. Lile jaribio la kufanyia kazi nyumbani la mchumi Bloom na wenzake, katika kampuni ya usafiri ya Ctrip huko Shanghai, unalolitaja, lililochapishwa mwaka 2015, halikumtegemea mfanyakazi ajieleze: nani akae nyumbani iliamuliwa kwa tarehe za kuzaliwa, na simu alizohudumia zilihesabiwa. Wewe huna rejista hiyo. Una neno moja tu la kuwatenganisha watu wako, na neno lenyewe linanuka utapeli.

Kwa hiyo tafuta watu kumi wasiosoma nawe, wafanane na wale unaotaka kuwatafiti, ukae na kila mmoja peke yake. Asome swali kwa sauti, kisha umuulize: kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini? Usimsaidie wala usimsahihishe, hata akipotea mpaka uone aibu kwa niaba yake, kwa kuwa aibu hiyo ni yako. Andika alivyosema neno kwa neno. Wakikosea wawili katika kumi, livunje swali, liandike upya, utafute kumi wengine. Gharama yake ni soda kumi na alasiri tatu, nami nilizikwepa nikaishia kulipa ada ya mwaka wa ziada. Idadi ya watu usiniulize sasa, kwani hata ungewapata 3,000 wangekujibu kuhusu malezi.

Dodoso langu la maswali 40 lilitoka humo na maswali 17. Ile sentensi inayoifananisha dunia na chombo cha angani haikupona, kwa sababu mvuvi mmoja alitaka kujua chombo kimefikaje angani na nahodha alikuwa nani. Neno tabianchi nililitoa kote, nikauliza kama mvua za masika zinaanza mapema, wakati uleule au kwa kuchelewa kuliko mtu alipokuwa mdogo, nani anadhani amesababisha, na yeye amebadilisha nini katika kupanda, kupika au kusafiri kwa ajili hiyo. Nikampelekea tena yule mama wa vitumbua. Akaisoma karatasi yote kimya, akaipua kikaango, akanitazama kwa huruma. "Kumbe miezi yote hiyo ulikuwa unauliza mvua," akasema. "Si ungesema."