Barua kwa Binti Yangu Anayewafuata Chui Milia wa India

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na baba yako naye nimemsomea. Unauliza kama ni busara kuomba likizo ya miezi mitatu kuanzia Julai, uzunguke hifadhi nane za chui milia nchini India, na kama akiba yako uinunulie lenzi ya milimita 600, ile ya kuvuta vitu vya mbali sana, kabla ya kuondoka. Safari yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote. Julai siiungi mkono, hifadhi nane vilevile, na lenzi hiyo iache dukani.

Kusi hii inayotuvumia huku pwani ndiyo inayovuka bahari na kuwapelekea wenzetu mvua, na kwa sababu hiyo hifadhi za India ya kati, kama vile Kanha, Pench na Bandhavgarh, hufunga maeneo yake ya kiini, yaani sehemu za ndani zinazolindwa zaidi, tangu tarehe 1 Julai hadi mwisho wa Septemba. Hufunguliwa Oktoba, lakini wakati huo nyasi zimesimama na maji yamejaa kila mahali, kwa hiyo mnyama hana haja ya kujitokeza. Omba likizo ianze katikati ya Machi. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40, nawe utalilalamikia, ila vidimbwi huwa vimebaki vichache na chui milia huja kujipoza humo mchana. Mtazame anavyoingia: mara nyingi huenda kinyumenyume, akianza na makalio, akaketi huku uso ukibaki juu ya maji na macho yakielekea kichakani. Picha hiyo huipati msimu wa mvua.

Kuhusu idadi ya hifadhi, naelewa kishawishi chako. India ilianza Mradi wa Chui Milia mwaka 1973 kwa hifadhi 9, na leo ziko zaidi ya 50. Hesabu ya mwaka 2022 ilikadiria chui milia 3,682, na 785 kati yao wako katika jimbo la Madhya Pradesh peke yake. Lakini kule huzunguki kutwa nzima unakotaka kama tulivyozoea Tsavo. Unauziwa kibali cha lango fulani, kwa asubuhi au alasiri, katika gari la wazi lenye dereva na mwongozaji uliopangiwa, na muda ukiisha mnatoka hata kama mnyama amesimama mbele yenu. Kwa mwongozo uliotolewa mwaka 2012, utalii umewekewa mpaka wa asilimia 20 ya eneo la kiini. Basi faida iko katika kulijua eneo moja vizuri: jike yupi ana watoto, kidimbwi kipi hakijakauka. Chagua Kanha, Tadoba na Ranthambore, na mwezi mzima wa kwanza uwe wa Kanha. Hapo utawakuta pia barasingha, kulungu wa mabondeni ambao mwaka 1970 walikuwa wamebaki 66 tu hapo Kanha, na ambao wapiga picha wengi huwapita mbio wakimfukuzia chui milia. Mimi naona wanastahili asubuhi kadhaa.

Ukiwa porini, mwombe dereva azime injini. Msitu wa Kanha, wenye miti iitwayo sal, hauonyeshi mbali, kwa hiyo sikio hutangulia jicho. Chital, kulungu mwenye madoa, hupiga kelele kwa mambo mengi na wakati mwingine hujitisha bure. Langur, kima mwenye mkia mrefu, akiwa juu ya mti ni shahidi mzuri zaidi kidogo. Lakini sambar, kulungu mkubwa, akitoa mlio wake mzito, akarudia tena na tena huku mkia umesimama na mguu ukipiga chini, andaa kamera na uache mazungumzo. Magari mengine yakikimbilia kelele nyingine, yaache yaende.

Sasa lenzi. Chui milia hupenda kutembea kwenye barabara ya gari, na anaweza kupita hatua chache tu kutoka ulipo. Ukiwa na milimita 600 utarudi na jicho na masharubu. Ya 100–400 inatosha, nayo iko kabatini kwangu, njoo uichukue. Beba mfuko wa kitambaa mtupu, uujaze mchele ukifika, uwe egemeo la kamera kwenye chuma cha gari, na leso nzito ya kuifunika, maana vumbi la Mei halina huruma. Akiba yako inunue vibali, na uviagize mapema kwa jina lilivyoandikwa kwenye pasipoti. Kumbuka pia kwamba hifadhi za Madhya Pradesh hazifungui Jumatano alasiri.

Jambo la mwisho ni chanjo ya homa ya manjano. Kwa kuwa unatoka Kenya, India itakudai cheti, na lazima uwe umechanjwa siku 10 kabla ya kuwasili, la sivyo unaweza kuwekwa karantini. Lishughulikie hilo kabla ya tiketi.

Akupendaye,
Mama yako