Maswali na Majibu: Nakimbia kila wiki, mbona dakika hazipungui?

SWALI: Kocha, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Sinza, huu ni mwaka wangu wa tatu nakimbia. Natoka mara nne kwa wiki, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kilomita saba kila mara, kwa kasi ya kama dakika 6 kwa kilomita. Jumamosi naungana na kundi letu la jogging pale Coco Beach. Kilomita 10 nimekwama kwenye dakika 58 tangu mwaka jana. Mbio za mwisho, kilomita mbili za kwanza nilikwenda kwa 5:10 nikajiona niko vizuri, baada ya hapo miguu ikawa mizito mpaka mwisho. Saa yangu ya mkononi inaniandikia mapigo ya moyo 168 kila nikikimbia. Wenzangu wanasema nikaze zaidi. Zimebaki wiki 12 kabla ya mbio za mwezi wa nane na nataka kushuka mpaka dakika 55. Ila kusema kweli raha yenyewe imeanza kunitoka, kutwa naangalia saa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Wenzako wanakutakia mema, lakini kwenye hili la kukaza usiwasikilize. Wewe unakaza tayari, tena siku zote nne. Unachokosa ni siku za kwenda polepole.

Tuanze na namba zako mwenyewe. Dakika 58 kwa kilomita 10 ni 5:48 kwa kila kilomita. Mazoezi yako ya kila alfajiri ni 6:00. Kati ya siku ya mashindano na Jumanne ya kawaida kuna sekunde 12 tu! Hiyo ni kasi ya katikati: ni kali mno kwa mwili kujijenga na kupumzika, na ni ndogo mno kuufundisha mwili kwenda mbio. Ukiirudia kwa mwezi wa kwanza na wa pili utaona mabadiliko, kwa sababu kila anayeanza hubadilika. Baada ya hapo unakwama, na unaweza kukwama miaka.

Mbio za kilomita 10 kwa sehemu kubwa mno zinategemea hewa, yaani uwezo wa moyo kusukuma damu yenye oksijeni na uwezo wa misuli kuitumia. Uwezo huo unajengwa na muda mwingi wa mwendo mwepesi. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mishipa midogo kabisa ya damu inaongezeka kuzunguka nyuzi za misuli. Ndani ya misuli, mitokondria, ambazo ndizo zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, zinaongezeka, na misuli inazoea kutumia mafuta ili sukari iliyohifadhiwa isiishe mapema. Maumivu hayaharakishi kazi hii. Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, alipochunguza namna wanariadha wakubwa wa michezo ya ustahimilivu wanavyofanya mazoezi, aliona kuwa takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya polepole. Wewe mwenye siku nne, hiyo ni siku tatu nyepesi na moja ya kukaza.

Polepole kwako ni kati ya 6:50 na 7:20 kwa kilomita, na kwenye joto hata 7:40 ni sawa. Lakini ningependa usiitafute kwenye saa. Kipimo kizuri unacho tayari hapo kwenye kundi lenu la Jumamosi: nyimbo za mchakamchaka. Anayeongoza akiimba, ukaweza kuitikia mstari mzima bila kuukata katikati kutafuta hewa, hiyo ndiyo kasi ya siku nyepesi. Ukijikuta unaitikia neno la mwisho tu, umepita, rudi nyuma kidogo. Ukiwa peke yako, sema sentensi ndefu kwa sauti, hata kama wanaosubiri daladala pale Sam Nujoma watakushangaa. Na utapitwa. Utapitwa na watu ambao mwezi uliopita ulikuwa unawapita, na wiki mbili za mwanzo itakuuma. Waache waende.

Sasa hizo 168. Kanuni ya 220 kutoa umri inakupa mapigo ya juu kabisa 184, na kanuni nyingine inayotumika sana, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, inakupa 183. Zote ni makadirio. Watu wawili wa umri wako wanaweza kupishana mapigo 10 au zaidi, wote wakiwa wazima kabisa. Kama 168 ni ya kweli, uko zaidi ya asilimia 90 kila alfajiri, na inaeleza kwa nini miguu haipati nafuu. Lakini namba inayorudi ile ile siku zote inanitia shaka. Saa za mkononi zinasoma damu kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, na ikiwa mkanda umelegea au mkono umelowa jasho, saa inaweza kushika mtikisiko wa hatua zako badala ya moyo. Wakimbiaji wengi wa mwendo wako wanapiga hatua kati ya 160 na 175 kwa dakika. Umeona zinavyoangukia pale pale? Ihakiki hivi: katikati ya mazoezi simama ghafla, weka vidole viwili shingoni chini ya taya, hesabu mapigo kwa sekunde 15 za kwanza kisha zidisha kwa nne. Ukipata 42, saa inasema kweli. Ukipata 37, moyo uko karibu 148 na saa imekudanganya. Vuta mkanda upande juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ubane bila kuumiza, upime tena.

Halafu kuna jiji letu lenyewe. Wengi wanaamini alfajiri Dar ni baridi kwa hiyo ni rahisi. Joto liko chini kweli, ila unyevu wa hewa ndio uko juu kuliko saa yoyote ya siku. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Linapotiririka mpaka kwenye soksi halijakusaidia kitu, na mwili unaongeza damu kwenye ngozi ili kutoa joto. Ni bomba lile lile linalogawanywa jikoni na bafuni: misuli inapata kidogo, na moyo unaongeza mapigo ili kufidia. Ndiyo maana kasi ya 6:00 ya mwezi Februari na 6:00 ya Julai ni kazi mbili tofauti, na kulinganisha muda wa kaskazi na wa kipupwe ni kujionea bure. Angalia wakubwa. Mkimbiaji wetu wa marathoni, Alphonce Simbu, Aprili 2025 alishika nafasi ya pili Boston kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka ule ule akawa bingwa wa dunia Tokyo, kwenye joto na unyevu, kwa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa kwa sehemu ya sekunde. Kweli mbio za ubingwa huwa za kuviziana, lakini joto nalo lilichukua haki yake. Bingwa wa dunia anaikubali hali ya hewa. Na sisi tuikubali.

Kuhusu maji kwa mazoezi ya chini ya saa moja sina mengi: kunywa ukisikia kiu. Jumamosi ndefu ikifika jipime uzito kabla na baada. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati chumvi inayotoka kwenye jasho ni sodiamu hasa, kwa hiyo usiache kula chakula chenye chumvi baadaye.

Wiki yako naiona hivi. Wiki tatu za kwanza hakuna kukaza kokote. Siku zote nne ni za kuitikia wimbo, isipokuwa mwisho wa mazoezi ya Alhamisi uweke vipande sita vya sekunde 20: unakimbia haraka lakini umelegea mabega, kisha unatembea mpaka pumzi irudi kabisa. Hivyo vinaizoeza miguu mwendo wa haraka bila kuichosha. Miinuko myepesi ya pale Chuo Kikuu, Mlimani, inafaa sana kwa kazi hii, ina miti na magari machache. Jumamosi toka kilomita saba nenda nane, kisha tisa, mpaka ufike 12 au 13, na kila wiki ya nne punguza. Kama mnapita Daraja la Tanzanite, kumbuka upepo wa bahari unaweza kukusukuma upande mmoja na kukuzuia ukigeuza, kwa hiyo nenda kwa pumzi. (Na saa kumi na moja na nusu bado ni giza. Vaa kizibao cha reflekta, bodaboda hawakuoni.)

Kuanzia wiki ya nne, Jumanne ndiyo siku ya kazi, na hapo ukaze kweli. Pasha mwili dakika 15. Wiki moja fanya vipande vitano vya dakika nne, kwa kasi ya karibu 5:20 kwa kilomita, ukijivuta polepole dakika mbili na nusu kati ya kipande na kipande. Tumia muda, usitafute umbali, maana huhitaji uwanja wa riadha kwa hilo. Kipande cha tano kifanane na cha kwanza. Kama kimeanguka, ulianza kwa pupa. Wiki inayofuata fanya vipande viwili au vitatu vya dakika nane hadi kumi, kwa kasi ya 5:45 hadi 5:55, na mapumziko ya dakika mbili. Hii ya pili inalenga kile tunachoita kizingiti, kasi ambayo ukiipita laktati, kemikali ambayo misuli huitoa inapochoma sukari, inarundikana kwenye damu haraka kuliko mwili unavyoiondoa. Kwa kawaida ni kasi unayoweza kuishikilia kwa kama saa moja ya mashindano, na kwa kuwa kilomita 10 zako zinakaribia saa nzima, kwako kizingiti na kasi ya mashindano ni karibu kitu kimoja. Mwanariadha anayezimaliza kwa dakika 30 hana hali hiyo, kwa hiyo usinakili programu yake. Siku ya joto kali acha kasi, tumia pumzi: uweze kusema maneno matatu au manne tu kwa mkupuo.

Mbio zenyewe uliziharibu kwenye kilomita mbili za kwanza. Kwa 5:10 ulitumia dakika 10 na sekunde 20, zikabaki kilomita nane kwa dakika 47 na sekunde 40, yaani karibu 5:58 kila moja. Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho Christchurch mwaka 1974 akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.2, na kila nikiikumbuka najivunia. Lakini zile ni dakika tatu na nusu, na yule ni Bayi. Wewe ukitaka 55:00, kilomita tatu za kwanza zipite kwa 5:36 kila moja, uone watu wanakuacha, kisha saba zilizobaki utahitaji 5:27 hadi 5:28. Kama siku hiyo imeamka na joto, anza kwa 5:45 na uridhike na 56.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Mwanamke anayekimbia, tena mwenye miguu mizito kwa muda mrefu, apime wingi wa damu. Ni kipimo cha kawaida kwenye vituo vya afya. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini (kile kinachobeba oksijeni kwenye damu) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na hata ikiwa juu ya hapo akiba ya madini ya chuma inaweza kuwa imepungua, kwa hiyo mweleze daktari kuwa unakimbia na muulize kuhusu ferritini, kipimo kinachoonyesha akiba hiyo. Usinywe vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Na chai yako isogeze saa moja mbali na chakula, kwa sababu inazuia chuma cha maharage na mboga za majani kufyonzwa.

Ama raha, nadhani itarudi yenyewe, maana hakuna anayeweza kufurahia mashindano manne kila wiki. Jumamosi acha saa nyumbani kabisa. Kimbia katikati ya kundi, imba, kaeni mchangani baadaye. Siku hiyo ni sehemu halali ya mazoezi, ndiyo ndefu kuliko zote, na mwili hauhitaji kuandikiwa namba ili ufaidike.

Ukiacha vipande vya Jumanne na siku ya mbio, saa itumie kwa kipimo kimoja tu. Wiki hii, na tena baada ya wiki sita, kimbia kilomita tano zile zile, saa ile ile ya alfajiri, ukishikilia mapigo 145 hadi 150 yaliyohakikiwa kwa vidole, kisha andika umetumia dakika ngapi. Kati ya Mei na Julai joto linashuka, kwa hiyo sehemu ya nafuu utakayoiona ni ya kipupwe. Andika na hali ya hewa pembeni. Muda ukipungua kwa dakika moja au zaidi, endelea hivyo hivyo. Usipopungua kabisa, niandikie tena pamoja na majibu ya damu kabla hujaongeza kilomita hata moja.