Muulize Sista wa Macho: "Nimeambiwa ningoje mtoto wa jicho akomae"

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: mtoto wa jicho. Nimechukua zile ambazo najua zinawaelemea na wengine wasioandika.

Shikamoo sista. Mama yangu ana miaka 74. Amepimwa akakutwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, tukashauriwa apasuliwe. Amekataa katakata. Anasema hajakomaa bado, na tena amesikia jicho hutolewa nje, likaoshwa, likarudishwa. Kuna jamaa ametuletea matone ya asali, anasema yanasafisha. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la jicho kutolewa, maana ndilo linalowakimbiza watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Jicho halitolewi. Kwa nyuma limeungana na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukishakatwa hakuna daktari duniani anayeweza kuuunga. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa kando ya meza ya upasuaji, na kila kinachofanyika kinafanyika jicho likiwa palepale lilipo. Daktari anaingilia kwenye tundu la milimita 2 au 3 hivi akitumia mashine, au 6 hadi 7 akitumia njia ya mkono.

Kinachotolewa ni lenzi, iliyo nyuma ya mboni, upana wake ukikaribia sentimita 1. Ni maji na protini zilizopangika vizuri hadi mwanga unapita bila kizuizi. Umri ukienda, protini hizo zinashikamana na lenzi inapoteza uangavu, kama ute wa yai unavyobadilika ukipata moto. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Umri ndio sababu kuu, ila kisukari, uvutaji sigara, jicho kuumia, na kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu vinaharakisha. Ikishafika hapo hairudi nyuma. Hakuna matone ya kumyeyusha mtoto wa jicho, ya hospitali wala ya nyumbani. Asali isiyotakaswa nayo inaweza kuingiza vijidudu kwenye jicho. Mwambieni huyo jamaa ahsante, kisha asali muile.

Sasa la kukomaa. Mama hajalitunga, zamani lilikuwa ushauri wa madaktari wenyewe. Upasuaji wa enzi hizo ulikuwa mzito, na baada yake mtu alibaki bila lenzi, akivaa miwani minene kama chini ya chupa. Hakukuwa na sababu ya kumpitisha huko mtu ambaye bado anaona kidogo. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1949, daktari wa macho Harold Ridley alipopandikiza lenzi bandia ya kwanza huko London. Aligundua kwamba vipande vya plastiki vilivyowaingia marubani wa vita machoni, vioo vya ndege zao vilipovunjika, vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Kisha mwaka 1967 daktari Charles Kelman wa Marekani akaleta njia ya kuvunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza. Tangu hapo kusubiri kumekuwa na hasara. Lenzi iliyokomaa mno huwa ngumu, inachukua muda kuvunjika, na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, inachoka zaidi. Ikiachwa mwisho kabisa inaweza kuvimba au kuvuja, presha ya jicho ikapanda kwa maumivu makali. Mshipa wa fahamu ukifa kwa presha hiyo, hata lenzi iwe mpya namna gani, mtu haoni.

Kwa hiyo muulize mama swali jingine: anashindwa kufanya nini? Anaogopa kushuka ngazi? Hamtambui mtu mpaka aongee? Ameacha kusoma, kushona, kutoka jioni kwa sababu taa za magari zinamtawanyikia? Kama anashindwa mambo anayoyapenda, wakati umefika. Kama bado anajimudu na daktari ameona hakuna hatari nyingine, anaruhusiwa kungoja, arudi tu kupimwa. Tena haitakuwa macho yote siku moja. Kwa kawaida linaanza moja, likipona linafuata la pili. Wengi wanaokuja la kwanza wakibembelezwa, la pili wanaulizia tarehe wenyewe.

Habari za kazi, sista. Mimi ni mzee wa miaka 68, nitapasuliwa jicho la kulia karibuni. Nimeambiwa sitapewa dawa ya usingizi. Nikikohoa je? Nikipepesa? Nitakiona kisu kikija? Natumia dawa za presha na za tezi dume.

Shikamoo mzee wangu. Umefanya vyema kutaja dawa, na uzitaje tena mbele ya daktari wako, hasa hiyo ya tezi dume. Baadhi yake, tamsulosini ikiwa mojawapo, hulegeza misuli ya mboni, na mboni legevu inasinyaa katikati ya kazi. Daktari akijua mapema anajiandaa kwa dawa na vifaa vyake. Asipojua, anashtukizwa yeye. Usiiache kwa uamuzi wako, maana hata ukiiacha athari hiyo inaweza kubaki. Dawa za presha, na za kuzuia damu kuganda kwa wanaozitumia, fuata utakavyoelekezwa, usikisie.

Kabla ya siku yenyewe utapimwa urefu wa jicho na mkunjo wa konea ili ijulikane lenzi ya nguvu gani inakufaa. Tulia kwenye kipimo hicho hata kama unaona kinachosha. Urefu ukikosewa kwa milimita 1 tu, namba ya lenzi inapotea karibu 3, na hilo utalivaa puani kila siku kama miwani.

Siku ya upasuaji utatiwa matone ya kupanua mboni, tena na tena. Utaulizwa jina lako na jicho gani linafanyiwa kazi, kisha mwingine atakuuliza vilevile, kisha mwingine. Wazee wengine wanakasirika hapo. Hatujasahau, ndivyo tunavyohakikisha. Ganzi itakuwa ya matone, au ya sindano pembeni ya jicho. Ya sindano inauma kidogo na kukandamiza, halafu basi. Uso utafutwa kwa dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, utafunikwa kitambaa chenye tundu kwenye jicho, na hewa itakuwa inapita chini yake.

Kope zitashikwa na kifaa kidogo cha chuma, kwa hiyo pepesa utakavyo, hakuna kitakachotokea. Kisu hutakiona. Utaona mwanga mkali wa hadubini, kisha rangi na vivuli vinavyotembea, na watu wengine huniambia baadaye kwamba palipendeza. Utasikia mashine ikivuma na kubadilisha mlio. Maji yatachuruzika kuelekea sikioni. Hiyo si damu.

Kukohoa: sema kwanza. "Nataka kukohoa," daktari atatoa vyombo, utakohoa, kazi itaendelea. Na hili nakuomba ulishike. Daktari akikuuliza, "Uko sawa, mzee?" usiitikie kwa kichwa. Jibu kwa mdomo. Watu wenye adabu zao ndio wanaotutisha zaidi, kichwa kinaruka kabla ya neno. Mimi nitakaposhika mkono wako, au mwenzangu huko uliko, ukiuminya tutajua una shida.

Mara nyingi ni kama dakika 15 hadi 30, lenzi ngumu ikachukua zaidi. Lenzi ya zamani hutolewa ila kifuko chake hubakizwa, na lenzi bandia, mara nyingi imekunjwa, huingizwa humo na kufunguka yenyewe. Tundu kwa kawaida hujifunga bila uzi. Utarudi nyumbani siku ileile na kifuniko juu ya jicho. Uwe na mtu wa kukushika mkono.

Baba mkwe wangu alikuwa hasomi bila miwani. Sasa anasoma bila miwani na anatuambia macho yamerudi ujana. Nifurahi?

Mwache afurahi leo, kesho apimwe. Mtoto wa jicho anayeanzia katikati ya lenzi huifanya iwe na nguvu zaidi, mtu akaanza kuona karibu huku mbali kukififia. Muulize anaionaje namba ya basi likiwa mbali. Hali hiyo hupita, ukungu ukafuata.

Nilipasuliwa wiki hii. Jicho linahisi mchanga, na weupe naona umekuwa na ubluu. Ni kawaida? Nijikinge na nini?

Yote mawili ni kawaida. Mchanga unatokana na kidonda kidogo na matone unayotia, utaisha. Ubluu ni kwamba lenzi yako ya zamani ilikuwa na umanjano uliokuwa ukiizuia rangi hiyo kwa miaka, nawe hukujua. Kuna waliorudi nyumbani wakagombana na watu juu ya rangi ya pazia.

Matone ya kuzuia maambukizi na uvimbe utie kwa ratiba uliyopewa, mara nyingi wiki 4 hivi, hata ukijiona umepona siku ya tatu. Nawa mikono, vuta kope la chini, dondosha moja, fumba, bila ncha ya chupa kugusa jicho. Usiku vaa kifuniko, maana ukilala mkono hauna akili, unasugua. Usiogelee, usiinue mizigo mizito, na ukiosha nywele elekeza kichwa nyuma ili maji ya sabuni yasiingie.

Kisha kuna mambo ambayo hayangoji miadi: maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, wekundu unaozidi, usaha, kuona kunakorudi nyuma baada ya kuwa kuzuri, vimulimuli vya mwanga, vidoa vingi vyeusi vya ghafla au kivuli kama pazia upande mmoja. Maambukizi ndani ya jicho ni nadra, lakini yakitokea yanahesabiwa kwa saa. Nenda usiku huohuo, hata kama utarudishwa ukiambiwa si kitu.

Mtoto wa dada yangu ana miezi miwili. Kwenye picha mboni moja inaonekana nyeupe. Tungoje akue?

Huyu nilimjibu bila kungoja gazeti, lakini narudia kwa wengine. Hapana. Inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa, inaweza kuwa uvimbe wa saratani, na yote mawili ni ya kuwahi. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na jicho lisilopata picha wakati huo linaweza lisijifunze tena hata likipasuliwa vizuri baadaye. Yeye atalazwa usingizi kamili, si ganzi.

Nimepasuliwa na bado nahitaji miwani ya kusomea. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, ila huenda hukuelezwa. Lenzi iliyo ya kawaida kuliko zote ina umbali mmoja. Ikichaguliwa ya kuona mbali, kusoma kutadai miwani, maana lenzi bandia haijikunji kama ya ujana. Zipo za umbali zaidi ya mmoja, ambazo baadhi ya watu wanazisifu na wengine wanalalamikia duara za mwanga kuzunguka taa usiku. Zipo pia za kurekebisha konea isiyo duara sawasawa. Mazungumzo haya ni ya kabla ya upasuaji: mwambie daktari unatumia macho yako kwa nini zaidi, kuendesha gari au kushona. Miwani mpya usikimbilie kupimiwa kabla jicho halijatulia, kwa kawaida wiki 4 hadi 6.

Miaka miwili baada ya upasuaji ukungu umerudi. Mtoto wa jicho ameota tena?

Hawezi, lenzi ya kuota haipo. Kilichofifia ni kile kifuko kilichobakizwa, ukuta wake wa nyuma. Inawatokea wengi. Utakaa kwenye kiti mbele ya mashine, kidevu kwenye kishikilio, na leza itafungua tundu katikati ya ukuta huo kwa dakika chache, bila kisu. Lakini apime daktari kwanza, hasa kama una kisukari, kwa sababu ukungu unaweza kutoka kwenye retina pia, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na huko leza hii haisaidii.