Haradali ya Kusaga Nyumbani: Maji Baridi Kwanza, Siki Baadaye

Wewe unayetaka kutengeneza haradali kwa mara ya kwanza, tumia maji baridi. Mimi nilianza na maji ya moto nikidhani yatalainisha mbegu upesi. Zililainika kweli, lakini nilichopata ni uji mchungu usiowasha hata kidogo.

Chukua punje moja kavu uitafune. Mwanzo huhisi kitu, kisha mate yanapoilowanisha, ukali unapanda. Ndivyo haradali ilivyo: ukali haumo tayari ndani ya mbegu, huzaliwa mbegu ikishavunjwa na kupata maji. Hapo kimeng'enya kiitwacho mirosinasi huanza kazi ya kuutengeneza. Maji ya moto hukiharibu. Siki nayo hukizuia, ila ikiingia wakati ukali umeshakolea, huusaidia kudumu. Kwa hiyo ukitanguliza siki utapata haradali pole, na ukiisahau kabisa, ukali utapungua siku hadi siku.

Mbegu za njano huwasha ulimi. Za kahawia na nyeusi hupanda puani. Kwa kuanzia napendekeza vijiko 4 vikubwa vya njano na 2 vya kahawia. Saga nusu ziwe unga, nyingine ziponde tu kwenye kinu. Tia vijiko 6 vya maji baridi, koroga, kisha subiri dakika 10. Usiondoke, inamia bakuli unuse. Mwanzo utasikia harufu ya unga mbichi tu, lakini baadaye macho yataanza kukuchoma. Hapo ndipo utie vijiko 3 vya siki na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Ukitaka rangi ya njano iliyokolea, ongeza manjano kidogo.

Utaona ni majimaji mno. Tafadhali usiongeze unga! Mbegu huendelea kunywa maji usiku kucha, na asubuhi utaikuta imeshikana. Ikizidi kukaza, ilegeze kwa siki kidogo.

Jambo linalowakatisha tamaa wengi ni uchungu. Haradali mbichi ni chungu, na si kwamba umekosea. Mimi chupa yangu ya pili niliimwaga siku ileile kwa kutolijua hilo, na hadi leo naihurumia, maana ilikuwa nzuri. Ifunike, iache siku 2 au 3, uchungu utapungua na ladha zitapatana. Tumia chupa ya kioo. Sufuria ya alumini haifai, kwani siki huila na haradali huingia ladha ya chuma.

Ukiipikia, itie baada ya kuepua sufuria, kwa sababu ikichemka ukali wake hutoka na mvuke.