Napoli ni kichwa kimoja, pizza moja: futa hiyo hesabu ya "kubwa tatu"

Dada mleta uzi, futa hiyo hesabu kabla hujaituma kwenye grupu la familia. Umesema mko wanane, mtafikia Roma, mtashuka Napoli kwa treni asubuhi na kurudi usiku huohuo, na kwamba pale Napoli mtaagiza "pizza kubwa tatu tugawane, tubane matumizi". Uliuliza na mambo mengine, bahashishi, mavazi, sijui nini, lakini mimi nimekwama kwenye hizo kubwa tatu na sitoki hapo mpaka unielewe.

Napoli ukiketi mezani, hakuna pizza kubwa ya kugawana.  Kwa kawaida ni saizi moja na ni ya mtu mmoja. Kanuni za pizza ya Kinapoli zilizosajiliwa Umoja wa Ulaya mwaka 2010 zinasema kipenyo kisizidi sentimita 35. Donge la unga ni gramu mia mbili na kitu, na katikati pizza ni nyembamba hata nusu sentimita haifiki. Inaingia kwenye tanuri la kuni lenye moto mkali kupindukia, inatoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Ile nyanya na jibini vya katikati vinakuja vikiwa bado vinachuruzika. Na inaletwa nzima, bila kukatwa, na kila mtu anapewa uma na kisu chake. Kwao hicho ndicho chakula chako cha usiku. Chukulia mmeketi watu wanane kwenye mgahawa Kariakoo mkaagiza sahani tatu za wali samaki: mhudumu atauliza hao watano wamefunga?

Na kabla mtu hajaja hapa kuniambia mimi ni mlafi: pizza nzima ya pale binti wa darasa la tano anaimaliza na anaangalia ya jirani.

Sasa sikiliza yaliyotukuta sisi. Tulikuwa tisa, ndugu na marafiki, Jumamosi usiku, mitaa ya Via dei Tribunali, pale ambapo pizzeria zimepangana na foleni zinafika katikati ya barabara. Kiongozi wa msafara wetu alikuwa kaka mmoja aliyeishi New Jersey, jirani na New York, miaka mingi. Huyu ndiye aliyetupanga. Tangu Dar alikuwa anatuhubiria: "Pizza ni pizza, mniachie mimi, tatu zinatosha watu tisa na nyingine zitabaki." Kuna aliyemuuliza kama tungeangalia kwanza wenzetu wanavyokula, akajibiwa kwamba yeye amekula pizza kabla sisi hatujajua kuitamka. Alikuwa anaijua New York, akadhani dunia yote ni New York. Kule ni kweli pizza ni gurudumu la karibu sentimita 45, inakatwa vipande vinane, inawekwa katikati ya meza, kila mtu anachukua kipande, anakikunja kwa mkono na kula. Hiyo imeumbwa igawanywe. Ya Napoli haikuumbwa hivyo, na ukiilazimisha inakuaibisha mezani.

Tukaketi, akaagiza tatu. Mhudumu akauliza mara mbili kwa vidole: tatu? Tisa? Kaka akasisitiza tatu. Zikaja tatu, nzima, na hakuna aliyeleta gurudumu la kukatia. Tukaanza kuzikata kwa visu vya mezani vipande vitatu vitatu. Katikati pakalowa, jibini likavutika kutoka sahani hii mpaka ile, mama yetu mkubwa akabaki na ukingo mtupu wa mkate mkononi na nyanya yote iko kwenye kitambaa cha meza. Kufikia mtu wa sita kupata kipande, pizza ilikuwa imepoa, na pizza ile ikipoa inakuwa kama ngozi. Ndiyo maana wenyewe wanasisitiza iliwe palepale ilipookwa, hapohapo inapotoka motoni.

Bila shaka hatukushiba. Ikabidi tuagize nyingine sita. Na hapa ndipo pesa ilipoanza kuondoka, hapa ndipo nataka uweke macho yote mawili. Jumamosi usiku, jikoni wanafuata mpangilio wa oda. Oda yako ya kwanza ikishatoka, umemalizana nao. Ukiagiza tena unaingia nyuma ya meza zote zilizoketi baada yako na nyuma ya foleni ya wanaochukua na kwenda kula nyumbani. Pizza yenyewe inaiva kwa dakika moja na nusu, lakini zamu ya kufika tanurini ndiyo inayokula usiku. Tulikaa tukitazama saa. Pizza sita zilipofika, treni yetu ya mwisho ya kurudi Roma ilikuwa imebakiza muda wa kukimbia tu, na kutoka mitaa ile hadi Napoli Centrale na wazee wawili miongoni mwetu, hamkimbii. Tukafika stesheni treni imeshaondoka, taa za jukwaa zinatutazama.

Tiketi zilikuwa za bei ya chini kabisa, zile ambazo treni ikiondoka bila wewe hakuna kubadilisha wala kurudishiwa. Vyumba vya kulala watu tisa usiku wa Jumamosi karibu na stesheni, tena bila kuweka nafasi mapema. Asubuhi tiketi mpya tisa kwa bei ya siku hiyo. Na vyumba vya Roma tulikuwa tumevilipia, vimelala vyenyewe. Jumla ilivuka euro 600. Margherita moja, pizza ya kawaida ya nyanya na jibini, pale ilikuwa euro 7. Kaka yetu alitaka kutuokolea pizza sita, yaani euro 42, halafu hizo sita tukazinunua vilevile! Tulilipa pizza tisa kama ambavyo tungelipa tangu mwanzo, tofauti ni kwamba hizi zilikuja na hoteli. Na yeye, kwenye treni ya asubuhi, anasema tatizo ni Waitaliano hawana mpango. Mpaka leo kwenye mikusanyiko ya familia akianza kutoa ushauri wa safari mimi nanyanyuka.

Kwa hiyo ukiketi mezani Napoli: kichwa kimoja, pizza moja, oda moja, kwa pamoja. Mkitaka kuonja za wenzenu, agizeni aina tofauti, kisha mbadilishane vipande. Hiyo wanaifanya wenyewe na hakuna anayekutazama vibaya. Watoto wadogo wawili kula margherita moja, sawa. Watu wazima wanane kwa pizza tatu, hapana.

Tena usidhani kugawana kunapunguza bili kama nyumbani. Sehemu nyingi wanatoza coperto, pesa ya kukalia meza, euro 1 hadi 3 kwa kila kichwa, uwe umekula nzima au umeonja kona. Inaandikwa kwenye menyu kwa maandishi madogo. Mkoa wa Lazio, ambako ndiko Roma, uliipiga marufuku kwa sheria ya mkoa ya 2006, lakini utaikuta imerudi kwenye bili kwa jina la mkate. Na wengine wanatoza hata sahani ya ziada ya kugawania. Agosti 2023 Italia nzima ilizozana kuhusu baa moja kando ya ziwa Como iliyomtoza mteja euro 2 kwa kukata sandwichi katikati. Mwenye baa alijitetea kwamba sahani mbili zinaoshwa mara mbili. Ukimfikiria kama mwenye mgahawa unamwelewa: watu wanane wameshika viti vinane Jumamosi usiku kwa chakula cha watu watatu.

Mchangiaji wa pale juu aliyekuambia "kula kwa mkono tu, ukishika uma watakucheka" naye kaleta ya Marekani. Meya wa New York wa wakati huo, Bill de Blasio, ndiye aliyechekwa Januari 2014 alipoonekana Staten Island akila pizza kwa uma na kisu, na alijitetea kwamba ndivyo wanavyokula kwenye nchi ya mababu zake. Alikuwa sahihi. Napoli ukiketi mezani unaanza kwa uma na kisu, kwa sababu katikati hapashikiki. Ukishakata pembe na imepoa kidogo, inyanyue kwa mkono, hakuna tatizo. Mkono mtupu ni kwa ile ya barabarani, wanayoikunja iwe robo kama leso na kukupa kwenye karatasi. Hiyo ni ndogo na ya bei rahisi, na kama shida yenu kweli ni pesa, mchana kuleni hiyo mkiwa mmesimama, hakuna meza wala coperto.

Umesema baadhi yenu hawali nguruwe. Kaeni na margherita au marinara. Marinara licha ya jina lake haina samaki wala jibini, ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta. Donge la asili la Kinapoli ni unga, maji, chumvi na hamira, halina mafuta ndani. Prosciutto, speck, salame, salsiccia, pancetta, 'nduja, vyote ni nguruwe, na wurstel mara nyingi pia. Ile pizza ya kukaangwa iepukeni, ujazo wake wa kienyeji una mabaki ya mafuta ya nguruwe. Tomato sosi na mayonezi msiombe. Pilipili ipo, ombeni olio piccante, mafuta ya pilipili, watawaletea bila kununa.

Sasa, kama hamu ya kugawana imewashika na hamuwezi kuiacha, zipo sehemu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Roma kuna pizza al taglio, ya mstatili kwenye trei, unaonyesha kwa kidole unataka kiasi gani, wanakata kwa mkasi na kupima kwenye mizani. Angalia tu bei: wengine wanaandika ya kilo, wengine ya gramu 100, na ukichanganya hizo mbili utapata mshtuko kwenye kaunta. Na kama mna siku ya ziada huko kusini, pandeni treni ya Circumvesuviana ya kwenda Sorrento, mshuke Vico Equense. Pale pizza inauzwa kwa mita, ndefu kama ubao, inawekwa katikati ya meza. Huko agizeni mita mbili, mgawane mpaka mchoke.